Maganda ya Machungwa na Ndimu: Faida Zake kwa Afya, na Mipaka ya Faida Hizo

Katika masoko ya Kenya, kuanzia Kongowea mjini Mombasa hata magulio madogo ya vijijini, huonekana chungu la maganda ya machungwa likikauka juani au likiozea mtaroni. Mwuzaji hutwaa kisu kikali, hulizungusha chungwa mkononi hata ganda la juu likatoka kama utepe mrefu, kisha hulikata kichwa na kumpa mnunuzi. Mnunuzi hufyonza maji, hutupa nyama yake pamoja na ule weupe uliobaki, akaenda zake. Basi katika tunda zima lililolipiwa fedha, kilichoingia tumboni ni maji peke yake.

Siku hizi maneno mengi yanasemwa juu ya maganda hayo yanayotupwa. Wengine husema kwamba yana vitamini nyingi kuliko tunda lenyewe. Wengine husema yanashusha mafuta katika damu, yanafukuza mbu, hata kwamba yanaponya saratani. Habari hizi hupitishwa kwa mdomo na kwa simu, na kila anayezipokea huongeza chumvi kidogo. Baadhi yake ni kweli, baadhi ni kweli nusu, na nyingine zinaweza kumtia mgonjwa hatarini. Yafaa kuzipambanua, maana mtu hawezi kutumia kitu kwa faida asipojua kimeumbwaje na nguvu zake zinakomea wapi.

GANDA LIMEUMBWAJE

Matunda ya jamii hii ni mengi: machungwa, madanzi, machenza, ndimu, malimau, mabalungi na mafurungu. Yote yana ganda lenye tabaka mbili. Tabaka ya juu ndiyo yenye rangi, nayo imejaa vifuko vidogo mno vya mafuta. Mtu akilitazama ganda kwa karibu ataviona kama vitone. Akilikunja ganda mbele ya mwali wa mshumaa, mafuta yale yataruka na kuwaka kwa cheche. Ni mchezo wanaoujua watoto wengi, ila wasiufanye karibu na macho. Mafuta hayo ndiyo yanayotoa harufu nzuri, na sehemu yake kubwa ni kitu kiitwacho limonini. Katika mafuta ya ganda la chungwa, limonini huwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi.

Chini ya tabaka hiyo kuna weupe mwororo kama sufi. Katika danzi na furungu weupe huo ni mnene sana, katika chenza na ndimu ni mwembamba. Humo mna nyuzinyuzi nyingi na kitu kiitwacho pektini, ambacho ndicho kinachofanya jamu igande. Mna pia vitu vichungu, na uchungu huo ndio unaowafanya watu wengi kuutema.

Neno moja juu ya rangi. Wako wanaodharau machungwa ya pwani na ya Muheza katika Tanga kwa kuwa ganda lake ni la kijani hata yakiwa yameiva. Hawa wanakosea. Chungwa hugeuka rangi ya manjano ya moto pale usiku unapokuwa na baridi, kwa maana baridi ndiyo inayoondoa ukijani wa ganda. Mahali ambapo usiku ni wa joto, chungwa huweza kuiva kabisa na kuwa tamu huku ganda lingali kijani. Katika nchi nyingine machungwa ya namna hiyo huwekwa ndani ya chumba chenye gesi ya ethilini ili yageuke rangi, yapate kuwavutia wanunuzi. Utamu wake hauongezeki hata kidogo kwa kazi hiyo.

KISEYEYE NA MACHUNGWA YA MALINDI

Sifa ya kwanza ya matunda haya katika habari za uganga ni kuponya kiseyeye. Ugonjwa huu huwapata watu wanaokaa muda mrefu bila kula matunda wala mboga mbichi. Ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, madonda ya zamani hufunguka, viungo huuma, na mwisho mgonjwa hufa.

Pwani ya Afrika ya Mashariki imo katika habari hiyo. Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama na Wareno wenzake walipofika Mombasa, mfalme wa mji aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa. Baadaye walivuka bahari kwenda Bara Hindi. Katika safari ya kurudi walikawia baharini kwa muda uliokaribia miezi mitatu, kwa kuwa upepo ulikuwa mbaya, na kiseyeye kikawashika karibu wote. Watu 30 walikufa njiani. Walipotia nanga Malindi tarehe 7 Januari 1499, jambo walilolitafuta upesi lilikuwa machungwa, maana wagonjwa walikuwa wakiyatamani sana. Machungwa yaliletwa, lakini wengi walikuwa wamekwisha kudhoofika mno, wakazikwa papo hapo. Mabaharia wale walikuwa na fununu ya dawa, lakini sababu ya ugonjwa hawakuijua.

Ikapita miaka 248 kabla jambo hili halijapimwa kwa utaratibu. Mwezi wa Mei 1747, daktari wa manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, James Lind, alitwaa wagonjwa 12 wa kiseyeye akawagawa wawili wawili. Wote walikula chakula namna moja, lakini kila jozi ilipewa dawa yake: wawili siki, wawili maji ya bahari, wawili divai ya matufaha, na kadhalika. Wawili walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Baada ya siku sita matunda yalikwisha, lakini mmoja wa wale wawili alikuwa karibu tayari kurudi kazini, na mwenziwe alipata nafuu kuliko wote waliobaki. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza halikuamuru malimau yagawiwe kwa mabaharia wake mpaka mwaka 1795. Miaka 48 ilipotea, na watu wengi walipotea pamoja nayo.

Lind mwenyewe alishauri maji ya malimau yachemshwe hata yawe mazito, ili yapate kukaa siku nyingi ndani ya chupa. Kwa kufanya hivyo aliipunguza nguvu ile dawa aliyoigundua. Kitu kinachoponya kiseyeye ni vitamini C, ambayo Albert Szent-Györgyi wa Hungaria aliitenga mwaka 1928 bila kuijua kwa jina hilo. Ilithibitishwa kuwa ndiyo yenyewe mwaka 1932, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1937. Vitamini hii huharibika kwa moto mwingi na kwa kukaa hewani. Msomaji na alishike jambo hili, maana litatumika tena chini tunapofika kwenye habari ya chai ya maganda.

JE, GANDA LINA VITAMINI KULIKO TUNDA?

Hapa ndipo kweli nusu inapoonekana wazi. Gramu 100 za ganda bichi la chungwa zina vitamini C kiasi cha miligramu 136. Gramu 100 za nyama ya chungwa zina kama miligramu 53. Kwa mizani hiyo ganda limeshinda mara mbili na zaidi. Tena lina nyuzinyuzi zipatazo gramu 10, ambazo ni mara nne za nyama, na chokaa ya mifupa, yaani kalisi, nyingi kuliko nyama kadhalika.

Lakini nani alaye gramu 100 za ganda? Kijiko kimoja cha chai cha ganda lililoparuzwa hakizidi gramu 2, na vitamini iliyomo haifiki miligramu 3. Chungwa moja la kawaida, likiliwa nyama yake, humpa mtu kama miligramu 70. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku kwa kipimo cha mashirika ya kimataifa ya chakula na afya, na mama anayenyonyesha 70. Kwa hiyo anayekula chungwa lake zima amekwisha kupata haja yake ya siku, na anayetupa nyama akabaki na chai ya maganda amejidanganya. Tena chungwa si bingwa katika mambo haya. Pera lina vitamini C zaidi ya mara nne ya chungwa, kwa uzani ule ule, nalo humea uani bila kuombwa.

Ganda basi ni nyongeza, halichukui mahali pa tunda. Na faida iliyo karibu zaidi haihitaji hata kununua kitu kipya: ni kuacha kutupa nyama ya chungwa baada ya kufyonza maji, na kuula pamoja nayo ule weupe ulioshikamana na vigawe, kadiri mtu awezavyo kuuvumilia.

Kuna jambo jingine la vitamini C ambalo akina mama wapaswa kulijua. Husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, kunde, mchicha na ulezi. Chuma cha vyakula vya mimea huingia mwilini kwa shida. Kikikutana na vitamini C katika mlo ule ule, huingia kwa urahisi zaidi. Kwa mwanamke mwenye mimba na mtoto mdogo, ambao upungufu wa damu huwapata sana, ndimu inayokamuliwa juu ya maharagwe yakiwa sahanini, baada ya kuepuliwa, ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Chai ya majani ya kawaida hufanya kinyume: huzuia chuma. Chai hiyo na inywewe saa moja au mbili baada ya chakula.

VITU VINGINE VILIVYOMO NDANI YA GANDA

Mwaka 1936 Szent-Györgyi na wenzake walidhani wamevumbua vitamini nyingine katika malimau na pilipili hoho, iliyozuia damu isivuje katika mishipa midogo. Wakaiita vitamini P. Wataalamu walipoichunguza zaidi waliona kwamba mwili waweza kuishi bila hiyo, na mwaka 1950 jina hilo likaachwa. Hata hivyo vitu vyenyewe havikuwa vya kubuni. Ni jamii ya flavonoidi, nayo imejaa katika maganda. Ile iitwayo hesperidini hupatikana hasa katika ganda la chungwa na la chenza. Viwanda vya dawa huichukua na kuigeuza kuwa diosmini, ambayo madaktari wa nchi nyingi huwapa watu wenye mishipa iliyovimba miguuni na wenye bawasiri. Katika dawa hiyo kipimo kinajulikana, na kila kidonge ni sawa na mwenzake. Mtu anayetafuna ganda hapati kipimo hicho, wala asitumaini kwamba ganda litamfanyia kazi ya kidonge.

Pektini nayo imechunguzwa vizuri. Ikifika tumboni huvimba kama uji mzito, hushika baadhi ya nyongo, na hivyo mwili hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyongo mpya. Katika Ulaya, mamlaka inayosimamia chakula ilikubali mwaka 2010 kwamba pektini husaidia kuweka kolesteroli mahali pake, lakini kwa kipimo cha gramu 6 kila siku. Kipimo hicho si kidogo. Maganda makavu ya matunda haya yana pektini kama robo ya uzito wake, basi mtu angehitaji kula zaidi ya gramu 20 za ganda kavu kila siku. Ni afadhali apate nyuzinyuzi zake kutoka kwa maharagwe, matunda na mboga, na ganda liwe kiungo tu.

Wachina wametumia maganda ya machenza kwa karne nyingi. Katika Xinhui, jimbo la Guangdong, maganda hukaushwa na kuwekwa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuuzwa kwa bei nzuri, nayo hutiwa ndani ya mchuzi na dawa za tumbo na kikohozi. Nchini Omani ndimu huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa nzima nzima hata zikawa nyeusi, kisha hupikwa pamoja na nyama na samaki. Na pwani yetu ina achari. Kwa hakika watu wa pwani wamekuwa wakila maganda ya ndimu siku zote bila mtu yeyote kuwaambia kwamba ni mazuri kwa afya.

MANENO YA SARATANI NA YA MAFUA MAKALI

Kuna ujumbe uliozunguka dunia nzima usemao kwamba limau lililogandishwa na kuparuzwa pamoja na ganda lake huua saratani kwa nguvu zinazoshinda dawa za hospitali mara elfu nyingi. Hakuna jambo kama hilo lililothibitishwa popote. Ni kweli kwamba limonini na baadhi ya flavonoidi za maganda zimezuia seli za saratani ndani ya vyombo vya maabara na katika panya. Lakini vitu vingi huua seli ndani ya chupa, hata chumvi nyingi na siki, na hakuna amponyaye mtu saratani kwa siki.

Uchunguzi mmoja wa kweli hutajwa mara nyingi. Ulifanywa Arizona, Marekani, ukachapishwa mwaka 2000 na 2001. Watu waliokuwa na saratani ya ngozi ya aina fulani walilinganishwa na wengine wasiokuwa nayo, wakaulizwa mazoea yao ya chakula. Waliosema kwamba hula maganda ya machungwa au malimau walionekana kuwa wachache zaidi miongoni mwa wagonjwa. Ni habari ya kutia moyo, lakini kuuliza watu walikula nini si sawa na kuthibitisha sababu. Huenda wala maganda walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine pia. Tena habari ile ilihusu kujikinga kabla ya ugonjwa, si kuponya ugonjwa uliokwisha kuingia.

Tofauti hii ni ya kufa na kupona. Mama aliyeona uvimbe katika titi, au aliyetokwa na damu isiyo ya kawaida, akakaa nyumbani miezi sita akinywa maji ya maganda, huenda akafika hospitali wakati uvimbe umekwisha kuenea. Saratani ya mlango wa kizazi ikionekana mapema huponyeka. Ikichelewa, kazi ya daktari huwa ni kupunguza maumivu. Chai ya maganda haimwui mtu. Ila miezi anayoipoteza kwa kuitegemea peke yake yaweza kumwua. Aipendaye chai hiyo na ainywe akiwa njiani kwenda hospitali.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu wengi wa Afrika ya Mashariki walijifukiza kwa mvuke wa maji yaliyochemshwa na maganda ya malimau, tangawizi na majani ya mkaratusi. Mvuke humfanya mtu asikie pua imefunguka kwa muda. Haukuua virusi, kwa kuwa joto la kuua virusi lingemchoma kwanza mtu mwenyewe. Hatari iko katika sufuria: mtoto aliyefunikwa blanketi juu ya maji yanayotokota, akajongea kidogo tu, huungua uso na kifua. Watoto wasifukizwe kabisa.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza ni dawa za shambani na za ghalani. Machungwa yanayosafirishwa mbali, hasa yale ya ng'ambo yenye ganda linalong'aa, mara nyingi hupakwa nta pamoja na dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hizo hubaki katika ganda kuliko katika nyama. Mwenye kutaka kutumia ganda na achague matunda ya shamba analolijua, na mkulima naye aheshimu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kopo la dawa kabla ya kuchuma. Matunda yaoshwe kwa maji ya uvuguvugu na kusuguliwa kwa brashi, kisha yapanguswe kwa kitambaa. Kuosha hupunguza, lakini hakuondoi yote. Maganda yaliyookotwa sokoni, yaliyoanguka chini penye inzi na vumbi, hayafai kuliwa hata yakioshwa namna gani.

Pili, balungi na furungu vina vitu vinavyozuia ini na utumbo kuvunja dawa fulani. Jambo hili lilitokea kwa bahati nchini Kanada, likatangazwa mwaka 1989: wachunguzi walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya shinikizo la damu, wakaona dawa imezidi katika damu kuliko ilivyotazamiwa. Danzi nalo lina tabia hiyo. Mtu anayemeza dawa za shinikizo la damu, za kushusha kolesteroli au nyingine za kila siku na amwulize daktari au mwuza dawa kabla ya kuzoea matunda hayo au jamu ya maganda yake. Chungwa tamu na chenza havina shida hiyo.

Tatu ni ngozi. Maji na mafuta ya ganda la ndimu, yakipata ngozi na ngozi ikapata jua kali, huweza kuichoma. Siku ya pili hutokea wekundu au malengelenge, na baadaye mabaka meusi yanayokaa majuma mengi. Wanaojipaka ndimu usoni ili wang'ae, kisha wakatoka juani, hujipatia mabaka waliyokuwa wakiyakimbia. Anayekamua ndimu nyingi kwa ajili ya karamu na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

Nne, yale mafuta yaliyokamuliwa maganda yakauzwa katika chupa ndogo si kinywaji. Nguvu yake imekusanywa, nayo yawekwe mbali na watoto. Na mtu mwenye vidonda vya tumbo, au kiungulia cha mara kwa mara, huenda akaona vitu hivi vikimzidishia maumivu, huyo asijilazimishe.

NAMNA YA KUTUMIA GANDA NYUMBANI

Njia rahisi ni kuliparuza. Chungwa lioshwe, kisha tabaka ya rangi peke yake iparuzwe juu ya paruzi laini ya jikoni bila kufika kwenye weupe, maana hapo ndipo uchungu unapoanzia. Kijiko kimoja kikitiwa katika unga wa maandazi au wa mkate wa sinia hutoa harufu nzuri sana. Katika uji wa ulezi wa mtoto aliyekwisha kuzoea vyakula vingine, kibanio kidogo kinatosha. Kitiwe uji ukiwa umekwisha kuepuliwa.

Kwa chai, vipande vya ganda huanikwa kivulini, mahali penye upepo, mpaka vivunjike vikikunjwa, ndipo vikawekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko. Vikiwekwa na unyevu huota ukungu, na vyenye ukungu vitupwe vyote bila huruma. Maji yachemke kwanza, yaepuliwe, ndipo vipande viwili vitatu vitiwe na kufunikwa kwa dakika chache. Kama ilivyoelezwa, kukausha na moto hupoteza vitamini C, kwa hiyo chai hii hunywewa kwa ladha yake na kwa kupasha koo joto. Faida yake kubwa huenda ni hii, kwamba ina harufu tamu hata mtu akaweza kupunguza sukari.

Achari ya ndimu hutengenezwa hivi. Ndimu zenye ganda jembamba huoshwa na kukaushwa kabisa, hukatwa mara nne bila kuachanishwa chini, hujazwa chumvi, na kushindiliwa katika chupa ya kioo iliyosafishwa kwa maji ya moto. Chupa hukaa juani kila siku, ikitikiswa, mpaka maganda yawe laini na kugeuka rangi, jambo ambalo huchukua majuma mawili au matatu. Ndipo hutiwa pilipili, na wengine huongeza bizari na siki. Ganda huliwa lote. Lakini chumvi yake ni nyingi, na mwenye shinikizo la damu hana budi kuila kwa kuonja tu.

Madanzi, ambayo wengi huyaacha yaanguke chini ya mti, hufaa sana kwa jamu. Maganda hukatwa nyembamba, huloweshwa usiku kucha, na mbegu pamoja na weupe uliozidi hufungwa katika kitambaa safi na kuchemshwa pamoja, kwa kuwa humo ndimo pektini ilimo. Maganda yakiisha kulainika, kitambaa hukamuliwa ndani ya sufuria, ndipo sukari ikatiwa. Sukari ikitangulia, maganda hubaki magumu siku zote. Jamu hii ni tamu, wala isihesabiwe kuwa dawa. Nusu yake na zaidi ni sukari.

Juu ya mbu, ni kweli kwamba limonini huchukiza na hata kuua wadudu kadha wa kadha, na moshi wa maganda makavu huweza kuwapunguza mbu chumbani kwa muda. Lakini harufu hupotea upesi, na mbu wa malaria huuma usiku wa manane wakati kaa la moto limekwisha kuzimika. Tena moshi ndani ya nyumba huumiza vifua vya watoto. Chandarua chenye dawa hufanya kazi mpaka asubuhi.

Yanayobaki hayana haja ya kutupwa mtaroni. Ganda bichi, likisuguliwa upande wa rangi, huondoa ulimbo na gundi mikononi, kwa sababu limonini huyeyusha vitu vya jamii ya mafuta. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Brazili na katika jimbo la Florida, Marekani, hulisha mifugo yao maganda na makapi yanayotoka katika viwanda vya maji ya machungwa. Chakula hicho kina nguvu nyingi lakini protini yake ni haba, kwa hiyo huchanganywa na majani na vyakula vingine, wala ng'ombe hapewi ghafula kwa wingi. Mfugaji aliye karibu na wauza maji ya matunda mjini aweza kuyapata maganda kwa bei ndogo au bure, mradi ayachukue siku ile ile kabla hayajachacha, ayakatekate vipande vidogo ili yasimkwame ng'ombe kooni, na aanze kwa konzi chache.